Goti la Clive Ormerod: Sindano Kabla ya Mechi

Sindano bado iko hewani. Tuliiacha hapo wiki nzima, na baadhi yenu mmeniandikia barua za kunilaumu kana kwamba mimi ndiye niliyeijaza dawa. Haya, turudi kazini.

Ni Jumamosi ya Februari, mwaka 1972, saa saba na nusu mchana. Clive Ormerod, winga wa Aldersike Town, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, amelala chali juu ya meza ya chumba cha matibabu. Bukta imepandishwa, goti la kushoto limepakwa spiriti. Mzee Stan Entwistle, mchua misuli wa timu, ameishika sindano ya ganzi. Mlango umefunguliwa bila hodi, na aliyesimama pale ni mwanamke.

Tangu klabu ile ianzishwe, hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga chumba kile, ukimwondoa mfagizi.

"Iweke chini, Mzee Stan," alisema Noreen.

Noreen ni mke wa Clive. Mkononi alikuwa na bahasha ya kahawia aliyoikuta asubuhi ile ndani ya mfuko wa koti la harusi la mumewe.

"Nimeisoma," alisema. "Nimeisoma mara mbili kwenye basi. Mara ya pili nikapitiliza kituo."

"Noreen, si sasa."

"Basi lini? Ukishakuwa na mguu mkavu kama wa meza?"

Akaisoma kwa sauti. Bingwa wa mifupa wa Manchester hakuzunguka mbuyu. Gegedu la goti limechanika, kano moja imebaki nyuzi. Mgonjwa apasuliwe ndani ya wiki sita, la sivyo goti litaganda na halitanyooka tena maisha yake yote. Kabla ya hapo asicheze, asikimbie, asiruke. Na wiki mbili kati ya hizo sita zilikuwa zimeshapita ndani ya mfuko wa koti.

Stan aliishusha sindano. "Hukuniambia kama kuna barua."

"Hukuniuliza."

"Siku hizi siulizi," alisema Stan, akawa anaangalia dari.

Clive aliinuka akakaa kitako. "Ni mechi moja tu, Noreen."

"Ndivyo ulivyosema mwezi wa kumi na moja. Ukarudi nyumbani ukapanda ngazi kwa makalio."

"Leo ni tofauti. Bosi kanisalimia."

Noreen alimtazama. Halafu akacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kocha Frank Garside hasalimiani na majeruhi. Mchezaji akiumia, tangu siku hiyo Garside humpita ujiani kama anavyoipita ndoo ya kupigia deki. Hamtaji jina, hamuulizi hali, na kwenye basi la timu hamuoni hata akimkanyaga. Makocha wengi wa rika lake walikuwa hivyo, na wenyewe waliiita dawa. Mtu akichoka kutosalimiwa, walisema, atapona upesi.

Clive alikuwa hajasalimiwa kwa miezi kumi na minne. Yeye, ambaye kabla ya hapo magazeti yalikuwa yameshaanza kumtaja kwenye timu ya taifa ya vijana. Mara tatu alijaribu kurudi uwanjani, mara tatu goti likamwangusha, na kila alipoanguka Garside aligeuza shingo upande wa pili. Halafu Alhamisi ile, mbele ya watu wote, Garside alisimama ujiani akasema, "Habari ya asubuhi, Clive." Kijana alirudi nyumbani kwa baiskeli huku machozi yakimtoka.

"Kwa ajili ya habari ya asubuhi," alisema Noreen, "unampa mtu mguu wako?"

"Huelewi."

"Naelewa sana. Mimi nakusalimia kila siku na sijawahi kupewa hata kidole."

Stan alikohoa ili asicheke. Kabla hajamaliza kukohoa, Garside mwenyewe aliingia, nywele zimelazwa kwa mafuta, koti la klabu limefungwa vifungo vyote.

"Mama Ormerod," alisema kwa adabu. "Chai ya wake wa wachezaji iko upande ule. Leo kuna pai."

"Sina njaa. Soma hii."

Garside aliipokea barua, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Hukuisoma," alisema Noreen.

"Nitaisoma baadaye."

"Mtu akipewa karatasi huitupia jicho, hata ikiwa ni ya dobi. Wewe umeikunja tu. Umeshaisoma."

Garside alimtazama mwanamke yule kama mtu aliyefungwa bao la kizembe. Alipojibu, hakuwa na haya hata kidogo.

"Nakala yangu ilifika Jumanne."

Clive alihesabu kichwani. Barua Jumanne, salamu Alhamisi. Akasikia uso unawaka moto.

"Kwa hiyo ulinisalimia huku unajua."

"Nilikusalimia kwa sababu nakuhitaji. Tusipotezeane muda, kijana. Jukwaani leo yupo Bwana Tolliver wa London. Unajua anainunulia wachezaji klabu gani. Ukicheza vizuri atakuchukua, na ukiwa kwao utatibiwa na madaktari wao. Wapasuaji wao wanawapasua hadi farasi wa kifalme. Huko utapona."

"Na nisipocheza?"

"Basi hujapona. Na ambaye hajapona mimi simfahamu. Mkataba wako una miaka miwili. Utabaki na timu ya akiba, na operesheni klabu hailipi. Pesa za kutengeneza vitu vilivyoharibika hatuna."

"Nitalipa mwenyewe."

"Soma mkataba wako. Mchezaji hapasuliwi bila ruhusa ya klabu."

Clive aliipiga meza ngumi, chupa ya spiriti ikaruka. Ngumi haikubadilisha kitu. Kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa na mtu yule yule, na mtu yule yule ndiye aliyekuwa akimwonyesha dirisha.

"Twende nyumbani," alisema Noreen. "Tumshtaki. Tutampata wakili."

"Wakili atachukua mwaka mzima. Mimi nina wiki nne."

"Goti hilo halitamaliza dakika tisini."

"Likizimaliza, Jumatatu niko London. Nionyeshe njia nyingine, Noreen. Nionyeshe moja tu."

Noreen alivaa glavu zake polepole, akatoka, na mlango hakuubamiza. Clive angependa aubamize.

Akalala tena chali. "Choma," alimwambia Stan.

"Shika meza, mwanangu," alisema Stan.

Saa tisa kamili refa alipuliza filimbi. Uwanja ulikuwa tope tupu, na watu elfu kumi na moja walikuwa wamesimama kwenye baridi na mafulana yao ya sufu. Beki aliyepewa kazi ya kumkaba Clive alikuwa na upara, jina lake Dobbs.

"Nasikia una goti la udongo," alimwambia Clive wakati timu zinajipanga.

Dakika ya kumi na mbili Clive alipata mpira wake wa kwanza wa maana. Aliupitisha katikati ya miguu ya Dobbs, akaufuata upande wa pili, akaupiga. Goli.

"Umeona udongo unavyoruka?" alimwuliza Dobbs akiwa anarudi katikati.

Dobbs alijifuta tope usoni. Mashabiki nyuma ya goli walianza kuliimba jina la Ormerod, wimbo ambao hawakuwa wameuimba tangu mwaka juzi. Ilikuwa tamu, sitawadanganya. Kwa nusu saa nzima Clive alisahau barua, alisahau koti la harusi, alimsahau hata Garside. Alikumbuka tu kwamba hii ndiyo kazi aliyoijua, na kwamba alikuwa anaijua kuliko watu wote waliokuwapo pale.

Dakika ya sitini na moja akafunga la pili, kwa kichwa. Juu kwenye jukwaa kuu, mtu mnene mwenye koti la mvua aliandika kitu kwenye kijitabu.

Dakika ya sabini na nane Clive aliruka kugombea mpira wa juu. Alipotua, mguu wa kushoto ulizama kwenye tope ukabaki humo, na mwili ukageuka peke yake. Ndani ya goti kitu kililia, kama mtu amevunja karoti.

Hakuona maumivu. Ganzi ilikuwa bado inafanya kazi yake, na hilo ndilo lililomtisha. Aliutazama mguu ukikaa vibaya, naye hakuhisi chochote, kana kwamba anautazama mguu wa jirani.

"Inuka, udongo," alisema Dobbs. Kisha akaona lile goti, akampa mkono kumwinua.

Kwenye benchi mchezaji wa akiba alikuwa ameshavua koti. Garside alimwambia avae. Dakika kumi na mbili zilizobaki Clive alisimama kando ya mstari, anainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Kila mara alipotazama benchi, Garside alikuwa anatazama jukwaani. Mpira ukaisha, mawili kwa moja, na watu wakashangilia hadi ujiani.

Saa kumi na moja kasorobo alikuwa amekaa kwenye meza ya Stan. Ganzi ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, na goti linajaa kama unga uliotiwa hamira. Noreen aliingia, na safari hii hapakuwa na aliyemtajia pai.

"Nilikuona," alisema. "Dakika ya sabini na nane."

"Nani mwingine kaona?"

"Wengine walikuwa wanaimba."

Nje, ukutani, kulikuwa na simu ya waandishi, na ukuta wa pale ulikuwa mbao tupu. Harold Birtwell wa gazeti la jioni alikuwa anaisomea ofisi habari ya mechi, neno kwa neno, pamoja na nukta na mikato. Lile gazeti la Jumamosi, la karatasi ya rangi ya waridi, huchapwa kabla jasho la wachezaji halijakauka. Saa kumi na mbili huwa liko mikononi mwa kila mtu anayetoka baa na kila anayeingia.

Garside aliingia akitabasamu, na nyuma yake yule mnene wa koti la mvua, anatembelea fimbo.

"Bwana Tolliver anataka kukusalimia, Clive. Tumeshakubaliana bei. Limebaki jambo dogo tu."

"Mabao mazuri," alisema Tolliver. "Sasa simama, kijana. Chuchumaa hapa mbele yangu, halafu inuka. Usishike kitu."

Stan aliacha kukunja bendeji. Clive alishuka mezani, akaweka miguu sambamba, akavuta pumzi. Alichuchumaa, na alifika chini vizuri kabisa.

"Sasa inuka."

Alijaribu. Goti lilikuwa limejifunga, kama droo iliyokwama nusu. Akajaribu tena, jasho jembamba likamtiririka mgongoni. Watu wanne walikuwa wanamtazama, na kupitia ukutani ilisikika sauti ya Harold ikitaja bao la pili.

"Mabao mawili, na miguu imechoka," alisema Garside, akacheka. Akanyoosha mkono. "Njoo hapa, mwanangu, nikupongeze."

"Usimguse," alisema Tolliver. "Ainuke mwenyewe."

Mkono wa Garside ulibaki umenyooshwa. Clive aliutazama. Angeushika, angevutwa, angesimama kwa mguu mmoja akatabasamu, na pengine ingetosha. Lakini alikuwa amechoka. Alichoka kujikaza, alichoka kuficha, alichoka kuwa mzima Jumamosi na ndoo ya deki siku nyingine zote. Akakaa chini sakafuni.

"Siwezi," alisema.

Katika miezi kumi na minne hilo neno halikuwa limemtoka mbele ya kocha.

"Najua," alisema Tolliver. "Nimejua tangu dakika ya sabini na nane. Nilishaanza kushuku dakika ya kumi na mbili, mpira ulipokujia upande wa kushoto ukaupiga kwa mguu wa kulia. Goti langu mimi lilikwenda mwaka arobaini na tisa, na nilikuwa na kocha kama huyu." Akamgeukia Garside. "Namchukua hivyo hivyo. Jumatatu anapasuliwa. Nakupa nusu ya bei sasa, na nusu siku atakayocheza."

Noreen aliziba mdomo kwa mikono miwili. Stan alikaa kwenye kiti. Na Clive, pale pale sakafuni, alihisi kitu ambacho alikuwa amekisahau, nacho kilimuuma kuliko goti. Kilikuwa tumaini.

"Hapana," alisema Garside.

"Hapana nini?"

"Bei yote, au hauzwi."

"Frank, mtu huyu hawezi kusimama."

"Nikichukua nusu, kesho kila klabu ya kaskazini itasema Frank Garside alijaribu kuuza mbovu akashikwa. Mimi nina jina langu. Hauzwi."

"Ni saini yako moja tu," alisema Noreen. "Moja. Hupungukiwi na kitu."

"Mama, mambo haya waachie wanaume."

"Nimewaachia tangu saa saba na nusu. Tazama mlipomfikisha."

Garside alimpa mgongo. Alizungumza na ukuta uliokuwa juu ya kichwa cha Clive. "Mazoezi Jumanne saa nne. Asiyeweza akae nyumbani. Miaka miwili itapita."

Clive alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho. Alinyamaza walipomtaka anyamaze, alilala walipomtaka alale, alikimbia walipomtaka akimbie, na mara moja tu alisema kweli. Ile kweli ilimfungulia mlango, na kabla hajainuka mtu ameufunga kwa sababu ya jina lake. Alitamani kupiga kelele. Hapo ikasikika sauti ya Harold kupitia ukutani, imetulia kama ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

"Ormerod, mkato, ambaye sasa amepona kabisa, mkato..."

"Noreen," alisema Clive. "Mwambie Harold asikate simu."

Wote walielewa mara moja. Garside alirudi nyuma akauegemea mlango.

"Fikiria kwanza. Ukisema neno kuhusu sindano, hakuna klabu ya nchi hii itakayokugusa. Makocha hawamchukui mtu anayepeleka mambo ya ndani ya timu gazetini."

Clive alimtazama Tolliver.

"Hapo anasema kweli," alisema Tolliver kwa huzuni. "Hata wakubwa wangu London wanaweza kusita. Siwezi kukuahidi."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, mguu ni wake kwa miaka miwili."

"Noreen," alisema Clive tena.

Noreen alimsogelea Garside, akasimama karibu naye mno. "Nipishe," alisema, "au niongee nawe kupitia mbao hizi, gazeti zima lisikie." Garside alipisha, Noreen akatoka. Sauti ya Harold ikakatika katikati ya sentensi. Kisha Harold mwenyewe akatokea mlangoni, mwembamba, miwani imepanda paji la uso, ameibana simu sikioni na waya wake umetanda nyuma yake hadi ukutani.

"Wachapaji wamenipa dakika nne," alisema. "Kuna habari au hakuna?"

Clive alifungua mdomo, halafu akamwona Stan. Mikono iliyochoma sindano zile haikuwa ya Garside. Ilikuwa ya mzee yule, aliyebakiza miezi mitatu astaafu, aliyemwita mwanangu tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Habari ikitoka, wa kwanza kumwaga unga ni yeye. Akaufunga tena mdomo.

Stan alilivua koti lake jeupe, akaliweka juu ya meza. Akashuka polepole, magoti yake ya uzee yakilalamika, akakaa sakafuni karibu na Clive.

"Anza na mimi," alisema.

Harold akaipeleka kalamu kwenye karatasi. Garside hakuwa anamtazama mtu yeyote tena. Alikuwa ameshaupata waya wa simu, na ameuzungusha mkononi mara mbili.